Jino la Arobaini na Saba

Faili lilifika Jumatatu usiku kutoka Torino
na salamu za Fiorenzo: Shangazi, kila kitu kiko sawa,
bonyeza tu.
Miaka ishirini na mitatu niko na mashine hapa Biella.
Hilo neno "tu" tunafahamiana.

Kwanza kioo kikaniambia gia ina upana wa mita tatu na ushei.
Milimita zilisomwa kama inchi.
Hilo ni kosa lenye adabu, hubisha hodi kabla ya kuingia;
unalisahihisha ukiwa umeshika kikombe.

Kisha kisu kikaanza kukata
kikashikwa na kigugumizi.
Ubavu wa jino, uliopaswa kuwa mkunjo mmoja,
ulikuwa vijistari mia nne vilivyoungwaungwa,
na kwenye kila kiungo mota ilisita,
ikauliza, ikaenda, ikasita.
Nikavifuta vyote. Nikachora matao mawili
yanayogusana bila kugombana.
Sauti ikanyooka.

Nje theluji ililala juu ya paa la kiwanda cha sufu.
Bibiana Ubertalli akapiga simu tena:
kitanda chake cha kufumia kimesimama siku ya tisa,
mtande umekazwa, hauna kazi,
na kuna hoteli huko Aosta inangoja mablanketi.
Nikamwambia kesho.
Kesho nayo tunafahamiana.

Saa nne usiku nikafungua kifuniko,
nikapuliza chembe za shaba, nikahesabu kwa chaki.
Arobaini na tano.
Arobaini na sita.
Jino la arobaini na saba na jino la kwanza
yalikuwa yameshikana, pengo halikukatwa,
mahali pazima kama ufizi wa mtoto.
Programu ilifika pale, ikaona kisu cha milimita mbili hakipenyi,
ikaruka, ikaendelea na safari.
Haikusema.

Nikalaumu kisu.
Nikafunga chembamba, cha milimita moja,
nikailazimisha njia ipite pale isipotaka.
Kikavunjika kwa sauti ya mchanga katika wali.
Nikafunga kingine. Yuro kumi na tisa.
Palepale.

Ndipo nilipoacha kuiuliza shaba, nikaliuliza faili:
kutoka jino hadi jino, digrii ngapi?
Saba nukta saba.

Lakini mia tatu na sitini kwa arobaini na saba
haiishi hapo. Ina mkia mrefu baada ya nukta,
na Fiorenzo, mwenye haraka zake, aliukata,
sehemu nne za mia za digrii,
kitu ambacho hata ukucha hauwezi kukihisi.
Jino la pili likakopa. La tatu likakopa juu ya lile la pili.
Haba na haba, ndiyo,
ila kibaba kilichojaa kilikuwa cha deni,
na deni lote, karibu milimita mbili,
likaliangukia pengo la mwisho
ambalo lenyewe halikumkopa mtu.

Mimi ni kitinda mimba katika watoto saba.
Nilicheka peke yangu karakanani,
kwa sauti, hadi mbwa wa mlinzi akabweka.

Safari hii sikuiandikia kompyuta jibu.
Niliiandikia swali:
360 gawa kwa 47,
fanya mwenyewe, mkia uache mahali pake.

Alfajiri nikaitoa gia ikiwa bado na joto la kazi.
Nikaipachika karibu na mwenzake mkongwe,
yule aliyebaki mzima tangu enzi za babu yake Bibiana,
nikavizungusha kwa kidole.
Vikanong'ona tu.
Chaki ilikuwa imefutika kwa mafuta.
Nikatafuta, nikageuza huku na huku kwenye taa:
jino la mwisho ni lipi,
sikuweza tena kulijua.